Maswali Yenu: Chai Ipi Hiyo?

Jamani nimekoma. Toleo lililopita nilimjibu binti wa Morogoro aliyeitwa "chai" saa mbili asubuhi na mama mkwe wake mtarajiwa, akauliza aende ameshakula au aende na njaa, mi nikamwambia nenda na njaa mwanangu, chai ya ukweni siyo kikombe, hapo utakuta mihogo, viazi, maini ya kukaanga na chapati za maji, na ukila kidogo utaambiwa unaringa. Basi nikajua yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki! Barua na meseji zimekuja mpaka simu inajizima yenyewe, kila mtu na chai yake, mwingine anauliza, mwingine ananikosoa, mwingine ananitukana kistaarabu. Kwa hiyo leo mambo ya wapenzi na vikoba yakae pembeni kwanza, ni chai mwanzo mwisho.

"Anti shikamoo. Mi dereva wa lori, Dar na Nairobi ndo njia yangu. Kuna dada mmoja Mkenya tulizoeana hapo Namanga, juzi akanitumia meseji eti 'niko na chai moto sana ya bosi wetu', nikamjibu chai hizo wapelekee watoto. Kanuna mpaka leo hajibu simu. Nimekosea wapi?" – Dereva, Kibaha

Marahaba baba. Hujakosea, ila umemtukana bila kujua.

Sikia. Kwetu Bongo mtu akisema "hiyo chai" ana maana hiyo stori ni ya uongo, umeitunga, hakuna kitu kama hicho. Mtu anasimulia alivyopigana na simba akiwa kidato cha pili, watu hawamjibu hata hoja, wanaandika neno moja tu, "chai", mwingine anaongeza "na andazi liko wapi", imeisha hiyo. Ni ndugu yake na kamba na fiksi. Sasa mwenzako wa Nairobi, hasa hawa vijana, chai kwake ni umbea, tena umbea wa uhakika, habari za ndani. Hiyo imetoka Marekani, huko Wamarekani weusi kwenye jamii za mashoga na wacheza maonyesho ya kuvaa kike walikuwa wakisema "tea" kwa maana ya ukweli uliofichwa, wengine wakiiandika kwa herufi T tu, ikaingia kwenye televisheni, ikaingia mitandaoni, ikafika Nairobi ikatafsiriwa neno kwa neno. Ndo maana wanasema mwaga chai, leta chai.

Kwa hiyo yeye amekuletea siri ya bosi, we umemwambia muongo. Ungekuwa mimi ningenuna pia.

Mtumie ujumbe umwambie kwetu hicho anachotaka kumwaga kinaitwa ubuyu. Mtanzania haombi chai akitaka umbea, anaomba ubuyu, na unamwagwa vile vile kama chai ya Wakenya, sijui kwa nini umbea kila nchi lazima umwagike. Ila usije ukachanganya ubuyu na mbuyu, maana kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa, na rushwa yenyewe nayo inaitwa chai, tutafika huko.

Na asili ya chai kuwa uongo? Vijiweni yapo maelezo mengi, na mengi yenyewe ni chai.

Nikupe na dawa ya jumla maana barua zinazofuata zote zinaihitaji. Usisikilize neno chai, sikiliza kitenzi chake. Mtu akichuma chai huyo yuko shambani. Akinywa chai yuko mezani, na mara nyingi maana yake anakula, maana "umekunywa chai?" ni kuuliza kama umefungua kinywa hata kama ulikunywa supu ya makongoro na chai hujaiona kwa macho. Akiimwaga ni mbea. Akitunywesha sisi wengine ni muongo. Akidai chai, shika mfuko wako.

"Nilienda Nairobi kwa shemeji nikaingia kihoteli nikaomba chai, ikaja maziwa matupu. Nikasema nataka chai ya rangi, yule kijana akaniangalia kama nimemuomba rangi ya nyumba. Kwani wale chai yao ni ipi?" – Mama wa duka, Tandika

Chai yao ni ya maziwa, dada yangu, na hawasemi "ya maziwa" kwa sababu kwao hiyo ndiyo chai yenyewe. Maji, maziwa, majani na sukari vyote sufuria moja, vinachemka mpaka vinataka kumwagika, unapunguza moto, vinapanda tena. Sisi watu wa chini huku mtu akisema chai bila kuongeza neno, mara nyingi anategemea ya rangi, maziwa ndo yanatajwa kwa jina kwa sababu ndo yana gharama.

Nairobi ungesema strungi. Wengine wanasema turungi, ni neno la Kiingereza la chai kali lililotafunwa mdomoni mpaka likawa letu. Ukifika Mombasa na Lamu utasikia mkandaa, na hili ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu mkandaa ni aina ya mkoko, magome yake yanatoa rangi nyekundu nyekundu, watu wa pwani walikuwa wakitilia ngozi rangi. Sasa mtu akaangalia kikombe chake kisicho na maziwa akaona rangi ile ile ya maji ya mkoko, akasema hii mkandaa bwana. Huyo mtu angekuwa hai ningempa safu hii aandike yeye. Na Rwanda nasikia ukitaka ya rangi unaomba ya mukaru.

Alafu kuna chai kavu, hapo ndo watu wanagombana. Kwangu mimi, mtoto wa Tanga, chai kavu ni chai bila kitafunwa, yaani kikombe kimekaa peke yake mezani kama mjane. Ila wapo wanaosema chai kavu wakiwa na maana haina maziwa. Wote wako sahihi, uliza tu kabla hujakaa.

Na msidhani rangi ni ya kwetu tu. Hiyo hiyo ambayo Mwingereza anaiita nyeusi, Mchina anaiita chai nyekundu, Waarabu wengine nao wanaiita nyekundu. Angalia kikombe chako kwenye mwanga. Nani mwenye macho mazuri hapo?

Halafu mmoja wenu (hakutaka hata mji wake utajwe) ameandika kwao walipokosa majani mama yake alikuwa anaunguza sukari kwenye sufuria mpaka inakuwa kahawia ndo anamwaga maji, watoto wanakunywa chai ya rangi na jirani hajui kitu. Mwenzangu, siyo kwenu tu. Hata kwetu.

"Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu ameandika 'chai changu kimepoa'. Nimemkosoa akaniuliza kwa nini, kwani si tunasema chakula changu kimepoa? Nimekwama mbele ya darasa." – Mwalimu, Wete

Huyo mtoto ana akili, asichapwe.

Ameona ch- ya mwanzo akadhani ni ile ya chakula, chumba, choo, chombo, ambayo kiasili ni ki- iliyokutana na irabu. Jaribu wingi mbele yake, mwambie chakula vyakula, chumba vyumba, chombo vyombo, haya sasa chai… vyai? Atacheka mwenyewe. Chai imekuja mjini ikiwa nzima kama ilivyo, ch- ni yake ya kuzaliwa, haiwezi kuvuliwa, sawa na chumvi, chupa na chapati. Kwa hiyo chai yangu imepoa, chupa yangu imevunjika, chumvi imezidi.

Ukitaka kumfurahisha zaidi mwambie mti wake ni mchai, na mingi ni michai. Hapo Kiswahili kimemchukua mgeni kikampa kabisa na shamba.

"Nina kibanda cha kuuza vyakula. Kuna mheshimiwa mmoja anapita kila mwezi kukagua, sijawahi kukosea kitu lakini akimaliza anasimama tu, anasema 'mama, wazee hatujanywa chai'. Nampa elfu tano. Rafiki yangu anasema ni rushwa, mimi naona ni heshima, mtu mzima kaja kwako utamuacha aende hivi hivi? Nisaidie." – Mama lishe, Mwanza

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu imeniharibia dawa yangu ya vitenzi. Nimetoka kuwaambia watu akinywa yuko mezani, sasa huyu bwana anasema "hatujanywa", kitenzi kisafi kabisa, na kikombe hakipo popote.

Nikusimulie. Nikiwa na miaka ishirini na moja nilienda ofisi moja, siitaji, kufuatilia barua ya kaka yangu. Nimekaa kuanzia saa mbili. Saa nne hivi yule bwana wa mezani akanikunja uso kidogo akasema, "binti, sisi hapa tangu asubuhi hatujanywa chai". Mimi nikaona aibu, nimelelewa kwamba mtu mzima akisema ana njaa huulizi mara mbili. Nikashuka chini kwa mama ntilie, nikaazima chupa ya chai ya lita mbili na vikombe sita, nikanunua chapati kumi na vitumbua vya pesa yangu yote ya nauli, nikapanda nayo ghorofani. Wakanywa! Tena walikunywa ofisi nzima na mlinzi akaitwa. Wakanishukuru, mwingine akasema nimelelewa vizuri. Barua ya kaka haikutoka siku ile wala wiki ile, na jioni nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani, njia nzima nawaza nimekosea wapi, mpaka shangazi yangu aliponieleza huku anafuta machozi ya kucheka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, ukitaka kujua kama ni chai au ni chai, leta chai. Mwenye kiu atakunywa.

Na siyo sisi tu wenye mchezo huu. India wanasema chai-pani, yaani chai na maji, na hapo mtu haombi chai wala maji. Warusi wana neno lao la bakhshishi ambalo ukilifungua ndani unakuta "ya chai". Kikombe kimoja cha chai ni kitu kidogo mno, hakuna anayeweza kukataa bila kuonekana mchoyo, na ndo hapo mtego ulipo, wanaomba kwa jina la kitu ambacho kumnyima mtu ni dhambi. Wangesema "hatujanywa hela" nani angewapa? Kenya wenyewe wana na "kitu kidogo", sisi tuna soda, maji, vocha, hata asante, yaani kila kinachopewa mgeni kimeshatumika.

Hilo la heshima unalosema liliwahi kupelekwa mpaka mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, kwamba mgombea kuwakirimu wapiga kura ni mila na desturi yetu. Watu wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, mwaka 2006 ikaifuta, ikaonekana inakwenda kinyume na katiba. Maana mgeni ndo anakirimiwa, sasa we unamkirimu mtu aliyeshika kalamu yako ya kupigia kura? Mwaka uliofuata, 2007, ikaja sheria mpya ya kuzuia na kupambana na rushwa iliyoleta TAKUKURU tunayoijua sasa, na humo ndani anayepokea ana kosa na anayetoa ana kosa. Hapo ndo uniskilize vizuri: elfu tano yako inakuweka na wewe kwenye shtaka, siyo yeye peke yake. Wana simu ya bure, 113.

Mimi sikuambii upige kesho, najua ana daftari na wewe una kibanda. Ila mwezi ujao akisema hawajanywa chai, mvutie kiti, mtilie kikombe, weka na maandazi mawili mbele ya wateja wako wote, kwa sauti, "karibu mheshimiwa, chai hii hapa". Uone kama atakaa.

"Anti niaje. Mimi ni msichana kutoka Murang'a. Inaniuma sana nikiskia watu wakisema 'pesa ya chai' wakimaanisha hongo. Kwetu pesa ya chai ndio ilinisomesha, mamangu alikuwa anaamka saa kumi na moja kuchuna majani. Hamwezi mkatafuta neno lingine?" – Binti wa mkulima, Murang'a

Mwanangu, hii barua imenitia aibu kidogo, maana kwenye jibu la juu hapo nimeandika ukurasa mzima na sikumkumbuka mama yako hata mara moja.

Wasomaji wa huku ambao hawajawahi kuona shamba la chai nje ya dirisha la basi pale Mufindi au Tukuyu, niwaeleze. Chai inachumwa majani mawili na chipukizi lake la juu, ukishuka chini zaidi yanakuwa magumu wanayakataa. Kapu mgongoni, umande mpaka kiunoni, alafu ubebe upeleke kituoni yakapimwe siku hiyo hiyo kwa sababu yakilala yanaharibika. Kilo nne na kitu za majani mabichi zinatoa kilo moja tu ya yale makavu tunayonunua. Mkulima analipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, alafu mwisho wa mwaka wa mahesabu, kwenye mwezi wa kumi hivi, inakuja ile wanaita bonasi, na bonasi ndo mabati, ndo karo, ndo ng'ombe wa pili. Zaidi ya wakulima wadogo laki sita Kenya wanauza kupitia viwanda vilivyo chini ya KTDA, chombo kilichoanza 1964 kikiwa cha serikali, na 2000 kikaenda mikononi mwa wakulima wenyewe. Majani yao mengi yanashuka Mombasa mnadani, yamekuwa yakiuzwa hapo tangu 1969 mnada ulipohamishwa kutoka Nairobi, na Kenya ndo inaongoza duniani kuuza nje chai nyeusi.

Na kuna hili ambalo vitabu vya shule vinapita haraka. Chai ilipandwa Limuru tangu 1903 lakini Mwafrika haikuwa ruhusa kuilima ya kwake, alikuwa anaruhusiwa kuichuma ya mzungu tu. Mpaka miaka ya 50, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ulioitwa wa Swynnerton, 1954, ndo milango ikafunguliwa. Kwa hiyo bibi yako huenda alishika jani la chai miaka mingi kabla hajashika pesa ya chai.

Neno lingine? Yapo kibao, mlungula, hongo, rushwa, kadhongo, yote yanasema kitu kile kile bila kumgusa mkulima. Watu hawayatumii kwa sababu yanasema ukweli sana. Mi kuanzia leo kwenye safu hii nikiwa na maana ya rushwa nitaandika rushwa. Mwambie mama.

Hizi mbili nimeziunganisha, moja imetoka Leeds: "jirani Mwingereza aliniita 'tea' saa kumi na moja na nusu jioni nikaenda nimeshiba ugali, nikakuta nyama, viazi na mbogamboga, nikashindwa kumaliza." Nyingine Minnesota: "niliagiza chai kwenye mgahawa nikaletewa maziwa matamu yenye mdalasini, majani hata siyasikii, na ubaoni wameandika 'chai tea'."

Wa Leeds, umeona sasa, wewe na binti wa Morogoro mna kesi moja. Huko kaskazini ya Uingereza "tea" kwa watu wengi wa kawaida ni mlo wa jioni, watoto wakitoka shule wanauliza leo "tea" ni nini wakiwa na maana wanakula nini. Sisi chai imekula asubuhi yetu, wao imekula jioni yao. Mwaliko wowote wenye neno chai, popote duniani, nenda na nafasi tumboni. Nimesema na narudia (ila subirini barua ya mwisho).

Wa Minnesota, pole. Wamarekani neno chai limewafikia likiwa limebeba masala ya Kihindi, kwa hiyo kwao chai siyo chai, ni ladha. "Chai tea" ni chai chai. Siku nyingine omba "black tea" upate ya rangi, viungo weka mwenyewe, iliki najua unazo kwenye begi, hakuna Mswahili anayesafiri bila iliki.

"Mjomba wangu hapa Muscat anasema chai ni neno la Kiarabu. Mimi nabisha ni la Kihindi. Tumewekeana dau la kilo moja ya halua." – Mzaliwa wa Unguja, Muscat

Halua msiile bado, wote mmekosa. Ni la Kichina.

China penyewe wanasema cha sehemu kubwa ya nchi, ila watu wa pwani ya Fujian, upande wa Xiamen, wanasema te. Waholanzi walinunua kwa hawa wa te wakaisambaza Ulaya kwa meli, ndo Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani wote wanasema kitu cha te. Hata majirani zetu wa Madagaska wanasema dite, wameichota kwa Mfaransa. Wareno wao walikuwa Macau wakachukua cha. Na iliyopita nchi kavu kwa misafara ikafika Uajemi ikaota mkia, ikawa chai, ikaingia India, Urusi, Uturuki, na kwetu.

Sasa kati yako na mjomba. Kiarabu cha vitabuni ni shai, kwa sababu hawana ch. Sisi sh tunayo, tena tunaipenda, shukrani, shaka, sharti, zote za Mwarabu zimeingia na sh yake bila shida. Kama tungeipokea kwake kwa mlango wa mbele leo tungesema "karibu shai". Hatusemi. Kwa hiyo mi naegemea kwako, upande wa majahazi ya India na Uajemi. Ila mjomba naye ana pa kushikia, hapo Ghuba wapo Waarabu kibao ambao mdomoni wanasema chai na ch yake. Na hiyo karak mnayokunywa hapo barabarani kwenye vikombe vya karatasi, maziwa ya kopo na iliki, karak yenyewe ni Kihindi, maana yake kali.

Gaweni halua nusu kwa nusu, robo nitumieni.

"Mchaichai ni chai?" – Bila jina

Hapana. Ni nyasi, ndugu yake muwa na mahindi, imepewa jina kwa kazi inayofanya siyo kwa ukoo. Chai ya kweli ni mti mmoja tu, nyeusi, kijani, nyeupe zote humo humo, tofauti ni wanavyoitengeneza. Mchaichai haukunyimi usingizi, mpe hata mtoto.

"Anti, mimi ndo yule wa Morogoro. Nilienda na njaa kama ulivyonishauri. Mama mkwe ni mtu wa watu, alinipokea vizuri, tukakaa, akaniletea kikombe cha chai ya rangi. Nikasubiri. Ilikuwa ni hiyo tu. Tumepiga stori mpaka saa nane mchana, tumbo linanguruma mpaka akaniuliza kama kuna gari linapita nje."

Mwanangu.

Nimekosa mimi. Sikukuuliza huyo mama ni mtu wa wapi, nikakupa chai ya kwetu Tanga. Ukipita Dar nijulishe siku mbili kabla nikukaribishe chai, maini nitanunua mapema, na mchumba wako mwambie aje naye lakini aje ameshiba, yeye alikuwa anajua.